Kioo kimepasuka usiku bila kuguswa: nibadilishe dirisha zima?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kiboriloni, Moshi, kwenye nyumba aliyojenga marehemu baba. Madirisha ni yale ya chuma ya zamani, yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa nje na puti, ule mkando mgumu unaozunguka kingo za kioo, na ndani kuna nondo. Mwezi huu wa Julai kioo kimoja cha chumbani, upande unaopigwa na jua la jioni, kimepasuka usiku tukiwa tumelala. Tulisikia tu "pa!" Hakuna aliyerusha jiwe. Ufa unaanzia kona ya chini unapanda juu ukipinda. Kioo hicho hicho kilipasuka vivyo hivyo miaka miwili iliyopita tukakibadilisha. Sasa fundi wa kwanza niliyemwita anasema nitoe madirisha yote niweke alumini. Wa pili anasema ataweka kioo kipya na silikoni juu ya puti iliyopo, nusu saa kazi imekwisha. Mume wangu anasema tununue kioo tufanye wenyewe. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Msikilize baba watoto, ila mwambie mapema kwamba kazi yenyewe si kioo. Kukiweka kioo ni muda mfupi tu. Kazi ni hicho chuma kinachokishika, na hapo ndipo mafundi wako wote wawili walipokosea: mmoja anataka kukitupa, mwingine anataka kukifunika.

Nianze na ufa, maana ufa unajieleza. Kioo kilichopigwa na jiwe, mpira, au kokoto iliyorushwa na mashine ya kukatia majani, kinabaki na alama ya pale kilipopigwa, na nyufa zinatawanyika kutoka hapo kwenda pande zote. Chako hakina alama hiyo. Kina mstari mmoja ulioanzia ukingoni ukapanda. Huo ni ufa wa kioo kilichobanwa. Kuna kitu kwenye ile kona ya chini kilikuwa kinakisukuma kwa muda mrefu, usiku ule kioo kikazidiwa. Na kwa kuwa ni mara ya pili, kona ile ile, kwenye dirisha la chuma la umri huo, kitu cha kwanza ninachokishuku ni kutu.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Maji ya mvua yanateremka juu ya kioo, yanatua kwenye upande wa chini wa fremu, na kama puti imeachia hata kidogo yanaingia nyuma yake na kukaa humo. Jua haliyafikii. Masika baada ya masika chuma kinavimba chini ya puti, huku kwa nje rangi ikionekana nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile nafasi inayopaswa kuwepo kati ya ukingo wa kioo na chuma ni kama milimita moja na nusu kila upande. Ikishajaa kutu, kioo hakina pa kusogea.

Mbona basi kipasuke usiku? Watu wengi wanalaumu baridi, na baridi ina mchango wake, ila mdogo kuliko inavyodhaniwa. Chukua kioo chenye kimo cha milimita 550. Tuseme joto limeshuka nyuzi 25 kutoka jua la saa kumi jioni hadi alfajiri. Chuma cha fremu kwenye kimo hicho kinasinyaa karibu milimita 0.17, kioo chenyewe karibu milimita 0.12. Tofauti yao haifiki hata unene wa unywele. Dirisha lenye nafasi halina habari na tofauti hiyo. Dirisha ambalo nafasi yake imeshaliwa na kutu ndilo linaloisikia, kwa sababu kioo kilikuwa tayari kimefika mwisho. Ndiyo maana vioo vya jirani yake, kwenye fremu hiyo hiyo na baridi hiyo hiyo, vimepona.

Sasa turudi kwa mafundi.

Alumini sina ugomvi nayo. Sehemu kubwa ya kazi zangu hapa Arusha ni alumini, nyumba mpya za Njiro na Olasiti hazitaki kingine. Lakini kung'oa dirisha la chuma lililojengewa ukutani maana yake ni kugonga plasta, kubomoa kingo za ukuta, kukata nondo, kuziba upya, kupiga plasta tena na kupaka rangi chumba kizima. Mara nyingi hayo hutajiwi kwenye bei ya kwanza. Halafu dirisha la alumini la kuteleza linafunguka nusu tu, wakati lile la baba linafunguka lote, na joto la Moshi la Januari na Februari unalijua kuliko mimi. Alumini pia inatanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo fundi asiyejua kuacha nafasi atakupasulia kioo huko pia. Ningekwambia ubadilishe kama fremu imeoza hadi bisibisi inapenya, au dirisha limepinda halifungi. Kwa kioo kimoja, hapana.

Silikoni juu ya puti ya zamani ni nusu saa kweli, sibishi. Kinachonikera ni kinachofuata. Silikoni haishiki vizuri kwenye puti yenye mafuta na vumbi la miaka. Inashika hapa, inaachia pale, maji yanaingia na hayana njia ya kutoka. La pili ni baya zaidi: silikoni nyingi za bei nafuu ni zile zinazonuka siki. Ile harufu ni asidi inayotoka inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma. Yaani unampelekea kutu chakula. Mtu akilazimika kutumia silikoni kwenye chuma, atafute ile isiyonuka siki, ambayo kwenye mrija wake huandikwa neutral. La tatu, rangi haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo dirisha lako litabaki na mstari unaong'aa kati ya mistari iliyopakwa rangi, na atakayekuja kubadilisha kioo siku nyingine atakulaani.

Basi mfanye wenyewe. Dirisha likiwa chini, mtu anasimama nje miguu iko ardhini, ni kazi ya watu wawili watulivu. Kama chumba hicho kiko ghorofani, mwiteni fundi mwenye jukwaa lake. Kioo na ngazi haviendi pamoja.

Leo hii, kabla ya kununua chochote, bandikeni selotepu pana juu ya ufa, kwa ndani na kwa nje, na dirisha hilo lisifunguliwe wala kubamizwa. Kioo chenye ufa kinaweza kukaa wiki, kinaweza kuanguka kesho mtoto akipita chini yake.

Siku ya kazi chagueni asubuhi kavu. Glavu za ngozi, viatu vya kufunika, na miwani ya kukinga macho. Miwani ya kusomea haitoshi, ina mianya pembeni. Sogeza kitanda mbali na dirisha, toa pazia na wavu wa mbu, tandika shuka kuukuu ndani na turubai nje. Nondo ziko ndani na puti iko nje, kwa hiyo kazi yote ni ya upande wa nje. Mmoja abaki ndani kupokea vipande vitakavyoangukia huko. Bandikeni selotepu mistari mingi ya kukatiza kwenye kioo chote, kisha mwenye glavu agonge polepole karibu na ufa na kutoa vipande kimoja kimoja akianzia juu. Ukianzia chini, cha juu kinakuja chenyewe, na kinakuja na makali.

Vipande viingie moja kwa moja kwenye boksi gumu, lifungwe, liandikwe "VIOO" kwa herufi kubwa kabla ya kumkabidhi mzoa taka. Na tafadhali, mwalimu, visiende kwenye shimo la taka wala kwenye migomba. Shamba la nyumbani huku kwetu linalimwa kwa mkono na kupitwa na miguu mitupu kizazi hadi kizazi, na kioo hakiozi.

Sasa puti. Hapa ndipo muda wenu utakapokwenda, na msiuonee uchungu. Tumieni patasi ya zamani na nyundo nyepesi, mapigo mafupi, patasi ikilala sambamba na chuma ili isikichimbe. Puti ya miaka mingi ni ngumu lakini inavunjika, inaruka vipande vipande. Ndiyo sababu ya miwani. Katika kuitoa mtakutana na vibanio vidogo vya waya wa chuma vilivyochomekwa kwenye matundu ya fremu. Ndivyo vinavyozuia kioo kisidondoke nje, puti peke yake haikuwahi kukishika. Toeni kwa koleo bila kuvikunja, viwekeni kwenye kikombe. Vya zamani ni vigumu kupata dukani, na vilivyo vizima vitatumika tena.

Mkifika kona ya chini mtaona ninachosema. Puti ya pale haitoki kipande safi. Inatoka na magamba ya kahawia yaliyogandia mgongoni mwake, na chuma kilichobaki kimevimba tabaka juu ya tabaka. Ukipitisha ncha ya patasi, tabaka la juu linanyanyuka zima, na chini yake kuna jingine, jeusi na lenye unyevunyevu hata kama mvua haijanyesha siku nyingi. Endeleeni hadi chuma king'ae. Brashi ya waya, kisha msasa mgumu. Msiridhike na "imelainika". Pitisheni kidole chenye glavu kuzunguka kile kikalio chote, yaani ile pembe ya ndani ya fremu yenye umbo la herufi L ambayo kioo hukikalia. Popote kidole kinapokwama, kioo kitakwama pia.

Jambo moja la afya. Nyumba ikiwa ya zamani, chukulieni kwamba rangi za chini zina madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Loweshe­ni kwa maji kabla ya msasa, watoto wakae mbali, na vumbi mlikusanye kwa kitambaa chenye maji badala ya kulifagia. Kisha kausheni chuma sawasawa, maana kimeloweshwa.

Chuma kikiwa safi na kikavu, pakeni redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, kikalio chote na si kona ile tu. Mikono miwili ya rangi, wa kwanza ukauke ndipo upige wa pili, na ilale usiku mmoja. Ndiyo, chumba kitalala bila kioo. Zibeni kwa nailoni nzito au kipande cha plaiwudi upande wa ndani wa nondo. Fundi wa nusu saa anairuka hatua hii kwa sababu inamlazimu arudi kesho, na nauli ya kurudi ni yake.

Vipimo mvichukue baada ya usafi, kamwe si kabla. Mkipima na puti ikiwepo mtanunua kioo cha dirisha lingine. Pimeni upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kimo sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia. Tuseme upana umetoa milimita 412, 410 na 411. Chukueni ndogo, 410, ondoeni 3. Kata ni 407. Kimo kimetoa 560, 558, 559. Kata ni 555. Hizo milimita tatu ndizo nafasi yenu, moja na nusu kila upande, na ndizo zitakazowafanya mlale mwaka ujao. Pimeni pia kona kwa kona. Kama mishazari miwili inapishana zaidi ya milimita tatu hivi, fremu imekaa upande, na heri mkate karatasi ngumu ya boksi iingie kwenye kikalio kwa ulegevu, mwende nayo dukani kama sampuli.

Andikeni kwa milimita, upana kwanza. Mkanda wa kupimia una inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na maduka mengi ya vioo yanauza kwa futi za mraba, kwa hiyo mtu akisema "kumi na sita kwa ishirini na mbili" mwulize ni inchi, na amwandikie anayekata vipimo vyenu kama vilivyo. Inchi 22 ni milimita 559. Kioo chenu cha 555 kingezidi kwa milimita nne, na kwenye fremu yenu kisingeingia kabisa, au vibaya zaidi kingeingia kwa kusukumwa. Kwa bei, kioo cha 407 kwa 555 ni kama futi za mraba mbili na nusu. Ulizeni bei ya futi na gharama ya kukata, kila moja peke yake.

Unene: madirisha hayo yalitengenezwa kwa vioo vyembamba, na milimita 3 inatosha kwa kipande cha ukubwa huo. Milimita 4 ni imara zaidi na bado kwa kawaida inaingia, lakini hakikisheni kikalio kina kina cha kutosha kubeba kioo, kitanda cha puti nyuma yake na mteremko wa puti mbele. Uzito si tatizo. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba, chenu kitakuwa kilo mbili na kidogo. Kwa mlango, au dirisha refu linaloshuka chini ya kiuno cha mtu, ningekupa ushauri mwingine: kioo cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, ambacho kikivunjika hakimwagiki, au kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho lazima kiagizwe kwa kipimo kamili kwa sababu kikishaimarishwa hakikatiki tena.

Msishangae kioo kipya kikionekana kimenyooka kuliko wenzake. Simama pembeni uangalie mti wa nje kupitia vioo vya zamani. Kama mti unacheza ukisogeza kichwa, hivyo vilivutwa na mashine vikiwa vya moto, vikabaki na mawimbi. Kilichonyooka kililetwa na njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Siku hizi kinatengenezwa mpaka Mkuranga, mkoani Pwani. Mimi binafsi vile vyenye mawimbi navipenda, ukivikuta vizima usivitoe.

Mwachieni wa dukani akate. Kukata si uchawi, ni mstari mmoja wa kikatio chenye tone la mafuta ya taa, mkono usiosita, usirudie juu ya mstari, kisha unavunja hapo hapo. Ila kujifunza kunakula vioo, na mnahitaji kimoja. Mwambieni apitishe jiwe la kunolea kwenye kingo zote nne. Hilo si kwa ajili ya vidole vyenu pekee: ufa wa kubanwa hupenda kuanzia kwenye kijino kidogo kilichobaki ukingoni. Njiani kioo kisimame wima, kamwe kisilale. Kimefungwa kwenye boksi, katikati ya magoti yako ndani ya bajaji. Bodaboda hapana, hata dereva akikuapia.

Kwenye puti, tahadhari kubwa. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukasema "nipe puti", siku hizi utapewa ya ukutani, ile nyeupe ya kusawazisha plasta. Ile haifai kabisa; inapasuka, inanyonya maji, inadondoka. Sema puti ya vioo, na taja kwamba dirisha ni la chuma. Puti ya asili ya mbao ni unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani, na hukauka vizuri kwa sababu mbao hunyonya sehemu ya mafuta. Chuma hakinyonyi kitu. Ukiiweka hiyo kwenye chuma inaweza kubaki laini miezi. Soma kopo, lazima iseme inafaa kwa chuma. Asubuhi za Julai itatoka ngumu. Ikandeni mkononi kama unga wa chapati mpaka iache kupasuka ukiikunja.

Sasa kioo kinaingia. Viringisheni puti vijiti vyembamba, muibandike kuzunguka kikalio chote, ibaki kitanda cha milimita mbili au tatu. Chini wekeni vipande viwili vya plastiki ngumu, vilivyokatwa kwenye dumu kuukuu, vyenye unene wa milimita moja na nusu hivi, kila kimoja robo ya upana kutoka konani. Kioo kisimame juu ya hivyo viwili, kisiguse chuma popote. Kisha kisukumeni taratibu kwa viganja mkibonyeza kingoni, si katikati, hadi puti itokeze kwa ndani kuzunguka pote. Palipokauka, pasipotokeza kitu, ndipo maji yatakapopita. Toeni kioo muongeze puti hapo. Angalieni kwamba mwanya ni sawa juu na pembeni. Rudisheni vibanio kwenye matundu yake, vikilalia kioo bila kukikandamiza.

Puti ya mbele ndiyo inayoonekana, na ndiyo watu wanayoihangaikia, ingawa nikiulizwa ni nyepesi kuliko iliyotangulia. Jazeni kona, kisha vuteni skrepa mara moja kwa mwendo mrefu kutoka kona hadi kona, ikiwa imelala ili ibaki mteremko wa kumwaga maji. Skrepa ikivuta puti, ichovye kwenye maji. Mteremko usipande juu ya kioo kuzidi mstari wa chuma unaouona kwa ndani. Katisheni ile iliyotokeza ndani kwa mteremko mdogo pia, kwa sababu asubuhi za baridi mvuke wa pumzi unageuka matone kwenye kioo na kuteremka upande huo. Mafuta yaliyochafua kioo yafuteni kwa unga mkavu wa chaki na kitambaa. Mwalimu chaki hakosi.

Baada ya hapo acheni. Dirisha lisifunguliwe siku mbili tatu, na rangi isubiri mpaka puti ijenge ngozi ngumu juu. Kopo litasema siku ngapi. Kwa hali ya hewa ya Julai, yenye mawingu na manyunyu ya mlimani, mimi ningeongeza wiki juu yake. Ila msiisahau ikabaki mwaka. Puti isiyopakwa rangi inakauka kupita kiasi na kupasuka, na tunarudi tulikotoka. Rangi ya mafuta, mikono miwili, na brashi ipande juu ya kioo milimita mbili kupita ukingo wa puti. Huo mstari mwembamba unaoonekana kama mpakaji alikosea ndio unaofunga njia ya maji. Asitokee mtu mnadhifu akaukwangua kwa wembe.

Wenye madirisha ya mbao wanaosoma hapa: mengi hufuata hayo hayo, isipokuwa mbao tupu ipakwe rangi ya kwanza kabla ya puti, la sivyo itanyonya mafuta yote, na badala ya vibanio mtatumia misumari midogo au vile vipande vya mbao vya kukandamiza kioo. Gongeni misumari kwa kuitelezesha nyundo juu ya kioo, isinyanyuliwe.

Na vioo vingine vya dirisha hilo, mwalimu? Msivitoe kwa hofu. Bonyeza puti ya chini kwa kucha kuzunguka kila kimoja. Inayocheza, au yenye ufa kati yake na kioo, ikwanguliwe hapo tu, chuma kisafishwe, kipakwe redi oksaidi, puti irudishwe na rangi. Upande huo wa jua la jioni ndio uanze nao, umalizike kabla ya vuli.

Lipo jambo moja linaloweza kubadilisha mpango mzima. Mkisafisha ile kona mkakuta kutu imetoboa chuma, msinunue kioo kwanza. Mwiteni wa kuchomelea aje azibe kwa kipande cha bati nene, na akija, vioo vyote vya jirani vifunikwe kwa mbao au gunia bichi lililoloweshwa, ndani na nje. Cheche za grenda na za kuchomelea zinatua kwenye kioo zikiwa za moto kiasi cha kuzama ndani yake. Zikipoa zinabaki vidoa vyeusi vyenye kutu ambavyo havitoki kwa sabuni wala kwa thina, na mtajikuta mmetengeneza kioo kimoja na kuharibu vinane.